Tunapiga Window, Hatuchagui Mfumo

Kaa nusu saa kwenye duka lolote la laptopu za mtumba pale Kariakoo, utasikia maswali yaleyale. RAM ngapi? Diski ni SSD au ile ya zamani? Chaji inakaa saa ngapi? Kioo hakina doa? Sijawahi kumsikia mnunuzi akiuliza mashine inatumia mfumo endeshi gani, ile programu kuu inayoiendesha mashine yote. Windows imo humo kama maji yalivyomo ndani ya dafu, na hakuna anayeuliza kwa sababu hakuna anayedhani kuna dafu la namna nyingine.

Siku mashine ikiwa nzito, au ikianza kujizima yenyewe, haipelekwi kwa fundi ikakaguliwe. Inapelekwa ikapigwe window, yaani ifutwe na kuwekewa Windows upya. Kitenzi hicho kinanifurahisha sana. Tunapiga window kama tunavyopiga deki na kupiga pasi. Ni kazi ya kurudia kila uchafu unaporudi, bila kujiuliza uchafu wenyewe unatoka wapi.

Mtandaoni kuna ubishi usiokwisha kuhusu mfumo upi ni bora kwa mtu wa kawaida nyumbani: Windows ya Microsoft, Linux inayotolewa bure, au Mac ya Apple. Nimeufuata ubishi huo kwa miaka mingi na nimekuja kuona kwamba kwetu huku unamruka mhusika mkuu. Kompyuta ya nyumbani haichaguliwi mfumo na mwenye nayo. Inachaguliwa na fundi aliye karibu, na flashi aliyo nayo mfukoni siku hiyo. Kwenye flashi hiyo, kwa niliyoyaona mimi, huwa kuna Windows ambayo hakuna aliyeilipia.

Windows hiyo isiyolipiwa ndiyo mshindani wa nne asiyetajwa kwenye mijadala, na ndiye aliyeishinda Linux majumbani mwetu. Ulaya, mtu wa Linux akitaka kukushawishi huanza na bei: mfumo huu ni bure, ule unalipiwa. Mwambie hayo jirani yako wa Tabata atakushangaa. Kwake yeye Windows nayo ni bure. Alichokilipia ni elfu kumi au ishirini ya fundi, na angemlipa fundi hela hiyohiyo hata kama angewekewa kitu kingine. Hoja kubwa ya Linux inakufa kabla hujamaliza sentensi.

Hesabu hiyo ilikwenda vizuri mpaka Oktoba 14, 2025. Siku hiyo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo iliokuwa imeutoa Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika. Ziliwaka asubuhi iliyofuata kama kawaida, na wengi hawakujua kama kuna jambo limetokea. Kilichobadilika ni kwamba kila tundu linalogunduliwa tangu hapo halizibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza unaofika Oktoba 13, 2026. Mpango huo unadai akaunti ya Microsoft, kisha ama ulipe dola 30, ama ukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye seva zao, ama utoe pointi 1,000 za zawadi zao. Mwenye Windows ya flashi ya fundi hana hata habari kwamba mlango huo upo.

Njia rasmi ya kuendelea ni Windows 11, ambayo inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa, ule ubongo wa mashine, ya miaka ya karibuni. Hilo la prosesa ndilo lenye maumivu kwetu, kwa sababu laptopu zetu nyingi zilitumika kwanza kwenye ofisi za Ulaya na Marekani, kisha zikaja kwetu zikiwa na miaka mitano, saba, hata kumi. Kwa Intel, mstari umechorwa kwenye kizazi cha 8. Chini ya hapo Microsoft haikutambui, ukiacha mashine chache mno walizozisamehe.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo hela za watu zinapopotelea. Wauzaji wengi hukuuzia jina. Watakwambia "hii ThinkPad T480, inapiga Windows 11 vizuri tu," au "HP EliteBook 840 G5, mpya kabisa." Majina hayo si uongo, ila hayatoshi. T480 zilitoka zikiwa na prosesa za kizazi cha 8, na nyingine za kizazi cha 7. EliteBook 840 G5 nazo vilevile. Mashine mbili zinafanana rangi, uzito na kibodi, moja inaruhusiwa na nyingine haimo. Usitazame kibandiko cha nje. Iwashe, fungua sehemu ya kuhusu mfumo, usome namba ya prosesa. Tarakimu inayofuata kile kistari ndiyo kizazi: i5-7300U ni cha 7, i5-8350U ni cha 8. Ukiona zinaanza na 10, 11 au 12, hicho ni kizazi cha 10, cha 11, cha 12. Ni sekunde ishirini za kazi, na muuzaji asiyekuruhusu kuiwasha mashine amekwisha kukujibu.

Mwaka jana mama mdogo wangu alinipigia simu. Yeye ni katibu wa kikoba cha akina mama thelathini na kitu, na hesabu zote za hisa, mikopo na faini za kuchelewa zimo kwenye Excel, kwenye EliteBook 840 G3 aliyoinunua ya mtumba. Baada ya shikamoo na marahaba akasema kompyuta imeingia virusi, kuna maandishi yametokea pembeni chini na hayafutiki. Nilipofika nikayakuta: yale maneno ya kufifia yanayokutaka uilipie Windows. Picha ya ukutani nayo imegeuka nyeusi.

"Nimemlipa fundi, mwanangu," akaniambia. "Kanipigia window mwezi wa tatu. Sasa hawa wananidai nini tena?"

Nilichokigundua jioni ile ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa kompyuta huandika ufunguo wa leseni ndani ya chipu ya mazabodi yenyewe. Mashine za kiofisi kama hizi EliteBook, ThinkPad na Latitude, kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na leseni ya toleo la Pro. Leseni hiyo haifi ukifuta diski wala ukibadilisha diski, na inasafiri na mashine kutoka Manchester mpaka Mbagala. Ukiweka Windows ya toleo lilelile, inajitambua yenyewe ikipata intaneti, bila kuulizwa namba yoyote. Fundi wa mama mdogo alikuwa na flashi yenye toleo la Enterprise, lile la makampuni makubwa. Leseni ya Pro haifungui Enterprise. Kwa hiyo alimwekea mwanamke huyu mfumo wa wizi juu ya mashine yenye leseni halali, iliyolipiwa na kampuni fulani huko Uingereza miaka minane iliyopita. Hakufanya kwa ubaya, nadhani. Alifanya anachokifanya kwa kila mashine.

Kraki, ile programu inayoifanya Windows isiyolipiwa ionekane imelipiwa, inavyofanya kazi ni kichekesho. Nyingi huidanganya Windows kwamba imo ndani ya kampuni kubwa yenye leseni ya pamoja na seva yake ya kuidhinisha. Idhini ya namna hiyo hudumu siku 180, kwa hiyo programu ya kraki lazima ibaki ndani ya mashine, ikiamka kila mara kuurudia uongo kabla haujaisha muda. Ndiyo maana maandishi yale humtokea mtu miezi kadhaa baada ya fundi kuondoka: kuna aliyeifuta kraki, mara nyingi antivairasi yenyewe. Ukitaka kujua yako ni ipi, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Ikikujibu kwa tarehe ya kuisha, leseni hiyo si yako.

Mimi si mhubiri wa hakimiliki. Nimetumia vya flashi ujana wangu wote na sitamnyooshea mtu kidole. Linalonitisha ni maelekezo yanayokuja na kraki, ambayo daima huanza na jambo moja: zima antivairasi kwanza. Unamfukuza mlinzi getini, kisha unamfungulia mlango mtu usiyemjua jina, saa nane za usiku. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ya Marekani ilieleza jinsi vifurushi vya bandia vya KMSPico, kraki maarufu kuliko zote, vilivyokuwa vikibeba programu ya kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Mama mdogo hana bitcoin. Ana nywila ya barua pepe inayofungua kila kitu chake kingine, na ana majina, namba za simu na madeni ya wanawake thelathini waliomwamini.

Halafu kuna suala la masasisho. Mafundi wengi huyazima wakishamaliza kupiga window, na wana sababu mbili. Moja ni kuilinda kraki. Ya pili ni bando, na kwa hiyo ya pili siwalaumu. Windows iliyoachiwa huru kwenye hotspoti ya simu inaweza kumaliza bando la wiki kabla chai haijapoa, na mwenye mashine asijue limekwenda wapi. Mtu aliyefikwa na hilo mara moja hatataka kusikia neno sasisho maishani mwake.

Lakini kumbuka kilichotokea Mei 12, 2017. Programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilisambaa duniani, ikayafunga mafaili ya watu na kudai fidia kwa bitcoin. Ilifika nchi zaidi ya 150. Hospitali za umma za Uingereza zilivurugika, na ripoti ya wakaguzi wa serikali yao baadaye ilitaja makadirio kuwa miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilifutwa. Tundu lililotumika Microsoft ilikuwa imekwisha kuliziba mwezi Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Kiraka kilikuwapo kwa mashine nyingi zilizoumia. Hakikuwa kimebandikwa tu.

Kuna njia ya katikati ambayo mafundi wangeitumia badala ya kuzima kila kitu. Kwenye mipangilio ya Windows unaweza kuiambia mashine kwamba mtandao fulani, tuseme hotspoti ya simu yako, ni wa kupimiwa. Ukifanya hivyo, upakuaji mwingi unasubiri mpaka uingie kwenye mtandao usiopimwa. Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Ukiipeleka laptopu mara moja kwa mwezi mahali penye Wi-Fi ya bure, kazini, chuoni, kwa shemeji mwenye faiba, ukaiacha saa mbili, umemaliza. Haihitaji ufundi wowote.

Kwa mwenye kizazi cha 8 na kuendelea, basi, sioni sababu ya kubishana. Windows 11, toleo linalolingana na leseni iliyomo ndani ya mashine, lililopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Faili hilo ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo lipakue pamoja na wenzako watatu, mgawane flashi moja. Tahadhari yangu ni moja: Windows 11 Home inataka intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuiwasha mara ya kwanza. Fungua akaunti yako mwenyewe. Nimekuta mashine za watu watano tofauti zikiwa chini ya akaunti ya fundi mmoja, na siku fundi alipoibiwa simu, wote watano wakaanza kudaiwa nywila wasizozijua.

Sitasema mengi kuhusu ujanja wa kuilazimisha Windows 11 kuingia kwenye mashine isiyoruhusiwa. Unawezekana, mafundi wanaufanya kila siku, na mashine nyingi za kizazi cha 6 na cha 7 zinaendesha vizuri tu. Ila Microsoft imesema wazi kuwa mashine hizo hazina haki ya masasisho, na toleo kubwa la kila mwaka itabidi uliingize kwa mkono tena kwa ujanja uleule. Unanunua safari nyingine za kwa fundi.

Waliobaki, wa kizazi cha 7 kurudi nyuma, ndio ninaowaambia wajaribu Linux Mint. Nasema Mint na si Linux kwa ujumla, kwa sababu ukimwambia mtu "weka Linux" ni sawa na kumwambia "panda daladala" bila kumtajia ruti. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, ile iliyoanzishwa na Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth mwaka 2004 na kupewa jina la Kinguni ambalo Mswahili halihitaji kamusi: utu. Wengine tunakumbuka zile CD za Ubuntu zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta hadi 2011. Mimi nilikuwa naziagiza tano tano nikiwagawia watu, na nyingi zikaishia kuning'inizwa mashambani kufukuza ndege. Mwaka huohuo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili fasaha. Ilikuwa kazi nzuri ya kitaalamu, lakini sisi tuliendelea kubonyeza "Save" kwa kuikumbuka sura yake. Nadhani kosa halikuwa kwenye tafsiri. Hapakuwa na fundi wa kuisambaza.

Mint toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na litatunzwa mpaka 2029. Inaanza kazi kwa RAM ya GB 2, ingawa mimi nisingeshuka chini ya 4. Inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo unaweza kuijaribu saa nzima, ukahakikisha Wi-Fi inashika, sauti inatoka na kamera inafanya kazi, kisha ukaizima na kuirudia Windows yako ikiwa haijaguswa. Simu ya Android ukiichomeka kwa waya na kuruhusu igawe intaneti, Mint inaitambua mara moja bila CD ya dereva wala modemu. Na kuhusu bando, kwa mpangilio wake wa mwanzo inakuonyesha orodha ya masasisho na ukubwa wake, kisha inangoja ruhusa. Mtu mwenye bando la siku anaelewa heshima iliyomo kwenye jambo hilo.

Kwa mama mdogo niliirudisha Windows ya leseni yake halali, kisha nikamwekea Mint kando yake, ili akiwasha achague. Nilitarajia malalamiko. La kwanza lililokuja halikuwa lalamiko. Alikuwa amepeleka flashi steshenari kuchapisha orodha ya marejesho, na kama kawaida flashi ilirudi na vile vifaili vya njia ya mkato vinavyojifanya folda zako, vile ambavyo kila aliyewahi kuchapisha kitu steshenari anavijua. Virusi vya namna hiyo vimeandikiwa Windows. Kwenye Mint vilionekana tu kama takataka, akavifuta mwenyewe kwa mkono. "Hii window yako haishikwi na flashi," akanipigia simu kunieleza. Sikumsahihisha kuhusu neno window.

Lalamiko lilikuja wiki ya pili. Barua aliyoiandika kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, ilipofunguliwa kwenye Word ya steshenari ilikuwa imesukumwa, sahihi ya mwenyekiti imeangukia ukurasa wa pili peke yake. Hili ni tatizo la kweli na watetezi wa Linux hupenda kulipitia haraka. Sehemu yake ni fonti: Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, na LibreOffice hutumia mbadala wake, Carlito na Caladea, zenye upana uleule wa herufi. Zikiwapo, mistari mingi hukaa mahali pake. Majedwali yaliyopambwa sana bado husumbua. Dawa ya uhakika ni kuhifadhi kama PDF kabla ya kwenda kuchapisha, jambo ambalo angepaswa kulifanya hata akiwa na Word. Hesabu za kikoba zenyewe zilifunguka bila tatizo. Lakini hesabu za kujumlisha na kutoa si kipimo kikubwa. Faili lenye makro nyingi, zile amri zinazojiendesha ndani ya Excel, ni habari nyingine, na wenzetu wa Kenya waliowahi kujaza ritani za kodi kwa lile faili la Excel la iTax wanajua ninachosema.

Kuna watu ambao Mint haiwafai, na ni afadhali waambiwe mapema kuliko kushawishiwa. Anayeishi kwa AutoCAD, kwa Photoshop, au kwa QuickBooks ya kwenye kompyuta, hana biashara huko. Kijana anayecheza EA FC hatakusamehe, kwa sababu ulinzi wa mchezo huo dhidi ya wadanganyifu haukubali Linux. Mwenye printa ya Canon LBP2900, ile ndogo iliyojaa kwenye steshenari zetu, ajiandae kuhangaika nayo jioni nzima. Printa nyingi za HP kwa upande mwingine huingia zenyewe. Ukinunua printa ya mtumba kabla ya kujua hili, mfumo wako umekwisha kuchaguliwa na printa.

Mac naipitia haraka kwa sababu kwa wengi wetu ni swali la mfuko. Ikiwa unaweza kuinunua yenye chipu ya M1 au ya baadaye, zilizoanza Novemba 2020, ni mashine tulivu na chaji yake inakaa kweli. Ninachokuomba usikinunue ni zile MacBook Air za 2015 na 2017 zinazong'aa kwenye makabati ya kioo. Rasmi zinaishia macOS Monterey, na Monterey haipokei tena viraka. Na kabla ya kutoa hela kwa Mac yoyote ya mtumba, idai ifutwe na kuwashwa upya mbele yako ikiwa na intaneti. Kama bado iko chini ya akaunti ya mwenye kwanza au ya kampuni yake ya zamani, itakwambia hapohapo, na hakuna fundi wa kraki atakayekuokoa kirahisi.

Chromebook, laptopu zinazotumia mfumo wa Google, nazo zimeingia sokoni kwa wingi, hasa zile ndogo zilizotoka mashuleni Marekani. Kwa mtoto anayesoma na kutazama video zinatosha, na hazina mengi ya kuharibika. Google iliahidi mwaka 2023 miaka kumi ya masasisho kwa Chromebook za kuanzia 2021, lakini hizo za mashuleni mara nyingi ni za nyuma ya hapo. Kila modeli ina tarehe yake ya mwisho, iko kwenye mipangilio. Isome dukani.

Narudi kwa mama mdogo, maana hadithi yake haikuishia kwenye flashi. Mint ilikaa miezi minne. Siku moja Wi-Fi ikagoma, mimi nilikuwa safarini Mbeya, na kikoba kilikuwa na mkutano Jumapili. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: akaenda kwa fundi wake pale kituoni. Fundi akaiwasha, akaona dude asilolijua lenye nembo ya kijani, akakuna kichwa. Hakuuliza tatizo ni nini. Alimpigia window. Mint ikafutwa, Windows niliyoiweka kwa leseni halali ikafutwa nayo, na ikarudi Enterprise ileile kutoka kwenye flashi ileile. Hesabu zilisalimika kwa sababu mama mdogo ana tabia ya kujitumia faili kwenye WhatsApp kila Jumamosi, mfumo wa nakala za akiba ambao sijaona bora zaidi yake.

Tatizo la Wi-Fi, kwa taarifa yako, lilikuwa kitufe cha kuzima redio kwenye kibodi. Mjukuu alikuwa amekibonyeza.

Niliporudi sikumwendea fundi kwa ugomvi. Ni kijana mpole, anafungua saa moja asubuhi, anafunga saa nne usiku, na akina mama wote wa mtaa ule wana namba yake. Yangu wanayo wawili. Nilipiga hesabu nikaona kwamba nikitaka mfumo wowote udumu kwenye mashine ya mama mdogo, huyu ndiye wa kushawishiwa, si mama mdogo. Nikamnunulia flashi mbili. Moja nikaiwekea Windows 11 kutoka Microsoft, nikamwonyesha kwenye mashine iliyokuwa mezani kwake, Latitude ya kizazi cha 8, jinsi toleo la Pro linavyojitambua lenyewe ukishaunganisha intaneti. Akaitazama skrini muda mrefu. Akawasha nyingine kuhakikisha. "Kaka, miaka yote hii," akasema, akacheka peke yake.

Ya pili ilikuwa ya Mint. Nikamwelekeza namna ya kuiwasha bila kuiweka, nikamwambia ni kwa zile za kizazi cha 7 kurudi nyuma, anayetaka tu kuandika, kutazama na kuperuzi. Akaigeuzageuza mkononi, akaichomeka, akakagua mafaili yaliyomo moja baada ya jingine kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kimo.

"Sawa kaka," akasema mwishowe. "Na kraki yake iko wapi?"